Pikapu ya bedilaina mwili mzima: malengelenge yalitoka wapi

Kabla sijaanza

Kisa hiki nakiandika mimi nliyeshika bunduki ya rangi, kwa hivyo lawama nyingi utakazokutana nazo humu ni zangu mwenyewe. Jina la mteja silitaji. Gereji nasema tu iko upande wa bara, magharibi mwa kisiwa cha Mombasa, na vitu viwili vitatu vya gari nimevigeuza ili mwenyewe asijulikane. Hata bedilaina tuliyopiga, yaani ile dawa ngumu yenye vipele ya kulinda mizigo nyuma ya pikapu, siitaji jina manake mwisho wa yote haikuwa na kosa, na najua mtu akisoma nusu nusu ataenda kuwaambia watu bedilaina ya kampuni fulani ni mbovu.

Gari na mwenyewe

Land Cruiser pikapu, zile za sirisi ya 75, injini ya 1HZ, dizeli 4.2. Wanaozijua wanajua, injini yaweza kukuzika wewe lakini bodi inaliwa na kutu ukiitazama. Huyu bwana ana kazi mbili. Wiki nyingine apeleka wageni Tsavo Mashariki na Shimba Hills, wiki nyingine avuta boti, yaani gari linarudi nyuma mpaka magurudumu yanaingia baharini ndo boti iteremke. Kwa hivyo huku lachunwa na miiba, huku lanyweshwa chumvi. Rangi yake ilikuwa nyeupe ya kiwandani, juu yake nyeupe ya fundi, juu yake tena nyeupe ya fundi mwengine, na kila mmoja ameacha fila lake, ile dawa ya kujazia mabonde ya bodi.

Alikuja mwezi wa tatu 2023. "Fundi, mimi nimechoka na rangi. Nataka ile ngumu ya kumwagia nyuma, lakini nataka mwili mzima." Alikuwa ameshaona gari moja Nyali limepigwa hivyo, na alishaamua kabla hajafika kwangu. Alitaka gari kabla ya Pasaka manake alikuwa na wageni.

Sasa mwaka ule Pasaka ilikuwa tarehe 9 mwezi wa nne, na Ramadhani ilianza kwenye tarehe 23 au 24 mwezi wa tatu. Yaani kazi yote iliangukia ndani ya mfungo, mimi na kijana wangu wote twafunga, joto la Machi la Mombasa mwalijua wenyewe. Sisemi hivi kujitetea, ila utaona baadae kwamba kosa kubwa lilifanyika saa kumi na nusu jioni na mtu anafikiria futari.

Bedilaina yenyewe, kwa ufupi

Ziko za aina mbili kubwa. Iko ile ya mashine ya moto, kama Line-X, inapigwa kwa presha kubwa ikiwa imepashwa na inakauka sekunde chache tu, hio si ya gereji ya chini ya mwembe. Halafu iko ile ya chupa, kama Raptor ya U-POL, wachanganya tatu kwa moja na hadina (dawa ya kuigandisha), watikisa chupa, wafunga bunduki yake maalum juu, wapiga. Sisi tulitumia aina hii ya pili. Ukishachanganya una kama saa moja kwenye nchi ya baridi, kwa joto letu mimi nikifika dakika 40 nasikia imeanza kuwa nzito mkononi.

Inatoka na vipele, si rangi ya kung'aa. Presha ikiwa kubwa vipele vinakuwa vidogo, presha ikishuka vinakuwa vikubwa. Shikilia neno hilo, litarudi.

Na hadina yake ina isosayaneti. Hii kitu ukiivuta kwa mapafu yaweza kukupa pumu ya maisha, na barakoa ile ya hospitali au leso mdomoni haisaidii kitu. Kijana wangu alikuwa tayari na leso yake, nkamwambia weka chini, hatupigi mpaka barakoa za kichujio cha mkaa zifike, mbili, moja yangu moja yako. Tulipoteza siku nzima kuzingoja. Katika maamuzi yote ya kazi hii hili ndo sijalijutia hata dakika moja.

Tulichoamua na kwa nini

Nlimpa mteja bei mbili. Ya kwanza ni bedilaina nyuma kwenye mizigo na sehemu za chini tu, bodi iliyobaki rangi ya kawaida. Ya pili ni mwili mzima, karibu mara mbili. Nkamweleza ukweli, kwamba bedilaina ukishaipiga mlangoni haipolishiki, haipakwi kiraka kikapotea, ukigongwa kidogo wapaka paneli nzima toka ukingo hadi ukingo, na kuitoa ni kazi ya kulia. Akasikiliza vizuri halafu akachagua mwili mzima. Haya.

Paa tukakubaliana libaki jeupe, rangi ya kawaida. Yeye alitaka gari zima rangi ya mchanga, nikamuuliza hilo gari walilaza wapi, akasema chini ya mti. Kinyesi cha ndege na utomvu kwenye vipele vya bedilaina hautoki kwa kitambaa, wataka brashi, na paa ndo halifikiwi. Na jeupe linakataa jua. Hapo alinisikiliza.

Rangi ya mchanga tukaichanganya kwenye ndoo moja, chupa zote za bodi kwa mpigo mmoja kabla ya kutia hadina, ndo tukazirudisha kwenye chupa. Ukitia rangi chupa moja moja kwa kukadiria, mlango wa kulia na wa kushoto wataonekana wa magari mawili. Na kwa vile ilikuwa nyeupe kwenye logbuku, nkamwambia mapema aanze mambo ya NTSA, wale wa kusajili magari, ya kubadilisha rangi, akayafanya.

Uamuzi mbaya ulikuwa wa kioo cha mbele. Hizi 75 zinaoza kwenye fremu ya kioo, chini ya raba, pale usipopaona. Kioo kikitolewa, raba ya zamani inakatika, yatakiwa mpya, na mpya ilikuwa haipatikani wiki ile. Nkabonyeza kwa kidole kwenye kona ya chini upande wa dereva, nikasikia pamelainika kidogo. Nlijua. Nikamwambia, "Bosi, hapa pana kitu." Akaniuliza, "Siku ngapi?" Nkasema nne, tano, hatujui raba yaja lini. Akasema, "Basi funga tepu tupige, tutapaona baada ya Pasaka." Nami nikakubali, na mpaka leo sijui nlikubali kwa sababu alikuwa mteja au kwa sababu nlikuwa nimechoka.

Kazi ya chini

Wiki ya kwanza tukafanya nyuma, sakafu na kuta za ndani. Grainda, brashi ya waya, mpaka chuma cheupe. Fila tuliyotoa kwenye kona moja ilikuwa unene wa kidole gumba, na chini yake tundu lenyewe, fundi wa zamani alijaza tundu kwa fila kama mtu ajaza jino. Tukachomelea bati. Halafu dawa ya kutu yenye asidi ya fosforiki, kwenye mashimo mashimo ya kutu iliyobaki. Asidi hii lazima uioshe kabla ya epoksi praima, ile rangi ya kwanza ya kushika chuma, manake epoksi haipatani na asidi iliyobaki. Tukaosha kwa mpira, maji ya mfereji, maji mengi, tukapuliza kwa kompresa, tukaacha juani, tukapiga epoksi siku hio hio. Sitii chumvi kwenye hadithi, ilikuwa kazi safi.

Wiki ya pili tukaingia nje: fenda, milango, ubavu wa nyuma, chini ya milango. Pale rangi ya zamani ilipokuwa imeshika vizuri hatukuitoa, tulipiga msasa namba 180 mpaka ikafa mng'ao wote, tukapangusa. Pale palipokuwa na kutu tukachimba mpaka chuma, mabaka mabaka, mengine saizi ya sahani, mengine saizi ya shilingi. Asidi tena. Kisha kuosha.

Na mfereji ukawa hauna maji. Wakaazi wa Mombasa hawashangai, maji yetu ya mfereji yatoka mbali, Mzima Springs huko Tsavo, Baricho huko mto Sabaki, na hayaji kila siku. Gereji ina kisima na pampu yake. Tukafungulia kisima. Ilikuwa kwenye saa kumi na nusu, kijana akaosha, akapuliza, kesho yake asubuhi chuma kilikuwa na wekundu mwembamba kama chai. Nkasema ni kawaida, umande wa usiku, nikapitisha msasa, nikapangusa na tina, ile ya kuzimulia rangi, mara mbili, nikapiga epoksi.

Maji yale ya kisima tunayajua wote. Sabuni haitoi povu, chai yake hainyweki. Kwa nini haikunijia akilini, sijui.

Siku ya kupiga

Tulingoja mpaka saa nne asubuhi. Sababu ni kwamba alfajiri yetu hewa imejaa maji, na bati lililolala nje linakuwa la baridi kuliko hewa, ukilipiga dawa wakati linatoa jasho umepiga juu ya maji. Watu wa rangi za viwandani wana kanuni yao, bati liwe juu ya kiwango cha umande kwa nyuzi 3 angalau. Sisi hatuna kipimo, twaweka kiganja na twaangalia kioo cha gari kama kina ukungu. Kilikuwa kikavu.

Koti ya kwanza, yaani tabaka la dawa, nyepesi, kama vumbi, si ya kufunika. Saa moja. Koti ya pili ya kufunika. Bodi ilikula boksi mbili za chupa nne nne, na nyuma ilikuwa imekula boksi moja siku zilizopita. Presha nliweka kama 50 psi, umbali wa bunduki nusu mita hivi.

Upande wa kushoto ukatoka vizuri ajabu, vipele kama ganda la ndimu. Fenda ya kulia vizuri. Mlango wa kulia nikiwa katikati nasikia bunduki imebadilisha sauti, inakohoa. Kuangalia, vipele vimekuwa kama ganda la fenesi. Kompresa yetu tangi lake ni dogo na twaigawana na jirani wa tairi, na wakati ule ule jirani alikuwa na lori la mchanga, ajaza upepo tairi zote za nyuma. Presha imeshuka na mimi nimeendelea kupiga kwa sekunde kama kumi kabla sijashtuka. Sasa ufanyeje, ukipiga juu yake wazidisha, ukiacha imebaki. Nikaacha.

Tepu tukatoa dawa ikiwa bado mbichi, kama dakika ishirini baada ya koti ya mwisho. Ukingoja ikauke, tepu inaondoka na ukingo wa dawa kama ganda la kidonda.

Kukabidhi, na mwezi wa sita

Alhamisi akachukua gari. Nkamwambia, "Ndugu yangu, hii dawa yakauka kugusa saa moja lakini yataka siku saba kukomaa. Usioshe kwa presha, na boti ivute na gari lingine wiki hii." Akasema hakuna shida. Jumatatu ya Pasaka akaniletea picha mwenyewe, amefurahi, gari liko baharini mpaka kwenye vitovu vya magurudumu, boti nyuma. Nkashika kichwa.

Mwezi wa tano masika yakamwagika. Mwezi wa sita, katikati, akarudi. Alipoegesha nikaona kwa mbali. Kwenye mlango wa kushoto, chini ya kitasa, vilengelenge. Kwenye ubavu wa nyuma, mistari ya vilengelenge, vidogo kama mbegu za papai, vimepangana kama machozi yaliyoteremka. Chini ya milango vikubwa kama punje za kunde. Na kwenye kona ya kioo upande wa dereva, dawa imeinuka kabisa, ukiivuta inatoka kama ngozi, na chini yake kutu ya unga.

Nikafanya jambo ambalo kwangu ndo kiini cha kisa chenyewe. Nikamlaumu. Nlikuwa na picha yake ya Pasaka kwenye simu. "Si nlikwambia usitie baharini? Dawa haijakomaa, chumvi imeingia." Akanyamaza. Alikubali. Akasema, "Basi ni mimi, fundi. Nipigie bei ya kurudia." Na mimi nikaanza kupiga hesabu, nikajiona mwerevu.

Mzee wa meli

Jirani yetu wa ng'ambo ya barabara ni mzee mmoja, amestaafu, miaka yake mingi alikuwa akipaka meli kule bandarini. Huja gerejini jioni kupiga soga. Akazunguka gari mara mbili, mikono nyuma.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, hili gari laingia maji mpaka wapi?"

Nikamwonyesha, kwenye vitovu vya magurudumu.

"Na lengelenge hili liko wapi?"

Chini ya kitasa. Yaani futi mbili na zaidi juu ya maji.

Akaendelea. "Na ndani huku nyuma, wanapotupa nanga na kamba mbichi za boti, mbona hapana hata moja?" Nikaangalia. Kweli. Sakafu ya nyuma, sehemu iliyoteswa kuliko zote, inayolazwa nyavu zenye maji ya bahari, ilikuwa kama siku tuliyoipiga. Dawa hio hio, epoksi hio hio, mkono huo huo.

Akachukua kisu kidogo, akapasua lengelenge moja, tone la maji likatoka. Akaligusa kwa ncha ya ulimi (wewe usiige). "Chumvi," akasema. Halafu akaniuliza swali moja tu: "Muliosha kwa maji gani?"

Mimi nilikaa chini kwenye tairi.

Akanieleza kwa dakika tano kitu ambacho kwenye meli, asema, kila kibarua akijua. Meli haipakwi mpaka chuma kioshwe kwa maji matamu, na wako wakaguzi wa kupima chumvi iliyobaki kwenye chuma kabla koti ya kwanza haijapigwa. Manake rangi yoyote, hata iwe ngumu vipi, si kioo, inapitisha mvuke kidogo kidogo. Chumvi ikiwa imefungiwa chini yake inauvuta mvuke huo, maji yanajikusanya pale pale penye punje, yanasukuma rangi juu, ndo lengelenge, na maji yakishakaa na chumvi na chuma, kutu inaanza kazi. Kisha akaniambia kitu kilichonimaliza kabisa: malengelenge ya aina hii yanakuja zaidi kwenye maji matamu kuliko ya bahari, kwa sababu nje kukiwa na chumvi pia, mvuto unapungua. Kwa hivyo iliyofanya kazi ni mvua ya masika. Picha yangu ya Pasaka haikuwa ushahidi wa chochote.

Na ile mistari kama machozi? Ni maji ya kisima yalivyoteremka wakati wa kuosha na kukauka njiani. Chini ya milango vilengelenge vilikuwa vikubwa kwa vile ndipo maji yalipojikusanya. Mabaka yote yenye malengelenge, nikiyafuata kwa kidole, yalikuwa pale tulipochimba mpaka chuma. Palipobaki rangi ya zamani hapakuwa na hata kimoja, manake chumvi haikugusa chuma, na pia pale tulipapangusa kwa kitambaa chenye maji ya chupa.

Na tina niliyopangusa mara mbili? Tina inatoa mafuta. Chumvi haiyeyuki kwenye tina, unaizungusha tu.

Usiku ule baada ya isha nikampigia mteja. Sikutafuta maneno mazuri. Nkamwambia, "Bahari haikuhusika, ilikuwa maji yangu ya kisima. Na kioo pia nlijua." Kimya kidogo. Akasema, "Sasa tufanyeje?" Tukagawana: kazi juu yangu, boksi za dawa nusu kwa nusu, raba ya kioo yake.

Kurekebisha

Kutoa bedilaina ni adhabu. Msasa unajaa baada ya dakika mbili, ikipata joto inakuwa kama ubani. Kilichosaidia ni diski ya nyuzi ya kuchubua, polepole, na patasi pembeni. Tulitoa paneli nzima zile zilizoathirika, si mabaka, kwa sababu kiraka kingeonekana tu.

Kuosha tulinunua maji ya mfereji kwa mkokoteni, mitungi ya lita 20, na tulisugua kwa brashi tukaosha, tukakausha, tukaacha usiku mmoja makusudi ili tuone kama wekundu utarudi. Ulirudi mahali pachache, tukarudia pale. Mzee alikuwa akija kuangalia, hasemi kitu. Mara ya tatu chuma kiliamka cheupe, ndo tukapiga epoksi.

Kioo kilitoka. Fremu ilikuwa imeliwa kiasi kwamba bisibisi ilipita upande wa pili bila nguvu, kipande cha urefu wa kiganja. Tukakata, tukachomelea bati jipya, tukaosha, epoksi, raba mpya. Kompresa nikaazima kubwa, na jirani wa tairi nikamwomba asubuhi moja tu, akakubali kwa soda mbili.

Uchambuzi

Watu wakiniuliza nawaambia bedilaina ilifanya kazi yake. Sakafu ya nyuma ni ushahidi. Miiba ya Tsavo imeacha mikwaruzo ya juu juu isiyofika chini, na vibonyeo vidogo vya milangoni ambavyo hatukuvijaza fila havionekani kwa sababu ya vipele. Paa jeupe na rangi kwenye ndoo moja pia yalikuwa maamuzi mazuri, na barakoa nimeshasema.

Kilichofeli ni vitu vitatu, na havifanani uzito. Mlango wa fenesi ni uzembe wa vifaa, sura tu, haudhuru chuma. Kioo ni uoga. Nlikuwa na habari kamili kidoleni nikaiacha iamuliwe na kalenda ya mteja, na hapo bedilaina ni mbaya kuliko rangi ya kawaida, sababu rangi ya kawaida kutu ikianza inakuonyesha mapema, inabadilika, inapasuka. Hii ngumu inaficha. Inavimba tu siku kutu imeshashiba. Ningelikataa kazi ile bila kioo kutoka, mteja angelinuna wiki moja.

Cha maji ni tofauti, hapo sikuwa na uamuzi wowote mbele yangu. Hakuna aliyesema "tutumie kisima kwa sababu hii na hii". Mfereji haukutoka, mkono ukaenda kwenye bomba lingine. Ule wekundu wa asubuhi ulikuwa umeniambia. Chuma kilichooshwa vizuri kikakauka haraka hakiamki na wekundu sawa sawa kila mahali kwa usiku mmoja, nami nikaupa jina la umande nikaendelea.

Na kumlaumu mteja, hilo nalo naliweka kwenye upande wa kazi kabisa, si wa adabu tu. Maelezo yangu ya bahari yalikuwa yananifaa mimi, na kwa vile yalinifaa sikuyapima. Kama mzee asingevuka barabara jioni ile, ningerudia gari lile lile kwa pesa za mteja, kwa kisima kile kile, na masika yanayofuata tungekuwa hapo hapo. Kipimo kilikuwa mbele ya macho: lengelenge liko juu ya mstari wa maji, na palipolowa zaidi hapana kitu. Dakika mbili za kuzunguka gari mikono nyuma.

Masika mawili yameshapita juu ya hilo gari tangu turudie. Kona ya kioo naikagua kila akija, bado imeshika. Bomba la kisima tumelifunga kitambaa chekundu, na kijana mpya akifika gerejini ndo kitu cha kwanza anachoonyeshwa, kabla ya choo. Mlango wa kulia tulipotaka kuuingiza kwenye kazi mwenyewe akakataa usiguswe. Asema kwenye foleni ya feri Likoni ndo anaojulia gari lake.